Mchanganuo wa "Kuku 100 wa Mayai" wa shilingi elfu kumi: nimeununua, nimeufuata, nimeupima kwa mizani

Nianze na bei, maana ndiyo inayotafutwa kwanza. Mchanganuo ni shilingi 10,000. Unalipa kwa simu, dakika tano haziishi umetumiwa faili la PDF la kurasa 14 kwenye WhatsApp, na unaingizwa kwenye kundi la wafugaji kwa mwezi mmoja uulize maswali. Muuzaji simtaji. Tangu niununue huu nimeonyeshwa mingine mitatu na majirani, ya watu wengine kabisa, na ukurasa wa hesabu ni uleule, hadi neno "matumzi" lililokosa herufi. Sijui nani alimwiga nani. Chukua maneno yangu kwamba yanahusu faili lolote lenye picha ya trei za mayai mbele na neno FAIDA kwa rangi nyekundu.

Mimi ni fundi cherehani, Kihonda, Morogoro. Sare za shule, magauni ya vitenge, kupunguza suruali. Msimu wa sare wa Januari 2024 uliniachia akiba kidogo, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha matofali kisicho na kazi. Mayai yanauzika hapa, vijana wa chipsi wamejaa kila kona. Nikasema nisiingie kichwa kichwa, ninunue maarifa kwanza. Ndiyo elfu kumi hiyo.

Niwape haki yao. Kurasa za mwanzo ni nzuri, na kama faili lingeishia ukurasa wa 8 ningelisifia bila kigugumizi. Wanaeleza banda: ukuta mfupi, juu wavu, mgongo wa banda upande wa upepo, maranda sakafuni na kuyageuza kila mara yasigande. Wanakwambia ukinunua mitetea badala ya vifaranga umdai muuzaji kadi ya chanjo, uone kideri, Gumboro na ndui vimechanjwa lini, na kwamba chanjo ya kideri unairudia kila miezi mitatu hata kama kuku wanaonekana wazima. Wanakwambia uweke chombo cha dawa ya miguu mlangoni. Yote hayo nimeyafanya na sijajuta. Hata viota: kimoja kwa kuku watano. Nilitengeneza 12 kwa maboksi ya mbao, na kuku wangu wote wanagombania viwili vya kona ya kushoto, wanapanga foleni kama mbele ya kaunta ya benki. Hilo si kosa la mchanganuo, ni tabia zao.

Tatizo ni ukurasa wa 9.

Ukurasa wa 9 ni jedwali. Kuku 100. Chakula: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa wiki, mifuko 4 kwa mwezi. Mayai: 100 kwa siku. Trei moja ni mayai 30, kwa hiyo kwa siku 30 unapata mayai 3,000, trei 100. Namba tamu hizo, zinateremka kooni zenyewe. Chini yake faida, na alama tatu za mshangao.

Mimi fedha yangu ilitosha mitetea 60, wa wiki 16, waliofika tarehe 28 Mei. Basi nikakaa na penseli nishushe hesabu ya kuku 100 iwe ya kuku 60. Sisi mafundi hili tunalijua bila kwenda chuo. Mafundi wawili wakimaliza sare 30 kwa siku 5, mafundi watano watazimaliza kwa siku 2, kwa sababu kazi yenyewe ni siku 10 za fundi mmoja, na siku hizo unazigawa kwa watu ulionao. Chakula ni hivyohivyo: walaji wakipungua, mfuko unakaa. Mfuko unaowatosha kuku 100 kwa siku 7 ni mlo wa siku 700 za kuku mmoja. Gawa kwa 60, unapata siku 11 na ushee. Nikaandika kwenye daftari: mfuko mmoja, siku 11. Wawili walipokufa wiki ya kwanza kwa uchovu wa safari, nikagawa upya kwa 58, nikapata siku 12. Nikanunua mifuko kwa kipimo hicho.

Naomba ikumbukwe kwamba kugawa kwangu kulikuwa sahihi. Ndiko kulikoniponza.

Juni mfuko ulikwenda siku 10. Nikasema wanamwaga, wadogo hawa, nikapandisha vyombo vya kulia hadi usawa wa migongo yao. Yai la kwanza lilikuja Juni hiyohiyo, dogo kama la njiwa, nikalipiga picha. Julai kazi ya sare za wanafunzi wa muhula wa pili ikanibana, nikatafuta kijana wa kusaidia bandani, mtoto wa mtu ninayemfahamu kanisani. Mtulivu, anaamka mapema kuliko mimi. Mfuko ukaanza kwenda siku 8. Agosti ukawa siku 7.

Siku 12 kwenye daftari, siku 7 stoo. Siku tano zinapotea kwa kila mfuko, na tano katika kumi na mbili ya kilo 50 ni kilo 20 na kitu. Nikajiambia: kuna mtu anabeba kilo ishirini za chakula changu kila wiki. Na aliyeingia karibuni ni nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, tena limejaa, na ndilo lililonipa ujasiri wa kusimama mlangoni asubuhi moja na kumwambia yule kijana, "Kuanzia leo ufunguo wa stoo unakaa kwangu." Akaniangalia. Akasema, "Sawa mama," akachukua ufagio akaendelea. Sikumtaja wizi. Haikuhitaji kutajwa.

Sasa nihamie chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo, maana bila huko nisingeandika haya. Ninaishi na mtoto wa dada yangu, wakati ule yupo darasa la saba, mtihani ni Septemba. Kila jioni mafumbo ya Hisabati. Siku mbili baada ya jambo la ufunguo akaja na daftari cherehani ikiwa inakwenda.

"Mama mdogo, sikiliza hili. Kuku mmoja na nusu hutaga yai moja na nusu kwa siku moja na nusu. Je, kuku sita watataga mayai mangapi kwa siku sita?"

Nikajibu bila kusimamisha mguu: sita. Kila kitu ni moja na nusu, basi kila kitu kiwe sita.

Akacheka. Na yeye alijibu sita darasani, akakoseshwa, na sasa alikuwa na raha ya mtu aliyekwisha kufundishwa. Akaniambia nisiguse vitu viwili kwa pamoja. Ziache siku kama zilivyo. Kuku mmoja na nusu wanatoa yai moja na nusu, kwa hiyo kuku mmoja anatoa yai moja, kwa muda uleule, siku moja na nusu. (Nikamuuliza ile nusu ya kuku ni ya bandani au ya kwenye sufuria. Akasema mwalimu amekataza swali hilo.) Sasa kuku sita wanatoa mayai sita kwa siku moja na nusu. Halafu ndiyo uguse siku: ndani ya siku sita, siku moja na nusu zimo mara nne. Sita mara nne, ishirini na nne.

Nikasimamisha cherehani.

Maana kosa ni kwamba moja inayotokea kwanza kichwani, "kuku mmoja, yai moja, siku moja," haimo kwenye swali. Umeitia wewe. Kilichoandikwa ni kuku mmoja, yai moja, siku moja na nusu, yaani kwa siku moja anatoa theluthi mbili za yai. Ukienda na moja yako ya mfukoni, kila utakachozidisha baada ya hapo kitakuwa sahihi na jibu litakuwa bovu. Njia ya moja wanaiita, wanaifundisha tangu tukiwa wadogo: tafuta ya mmoja kwanza. Mimi nilikuwa nimeshusha kuku 100 hadi 60 hadi 58 bila hata siku moja kutafuta ya mmoja. Kuku mmoja anakula kiasi gani kwa siku? Sikuwahi kuuliza.

Tukafanya palepale juu ya kitambaa cha gauni la mtu. Kilo 50 ni gramu 50,000. Gawa kwa kuku 100, gramu 500. Gawa kwa siku 7, gramu 71. Mtoto akasema, "Mama mdogo, gramu 71 ni nyingi au kidogo?" Sikujua. Hilo ndilo swali ambalo elfu kumi yangu ilipaswa kulijibu.

Kesho yake nikaazima mizani kwa jirani mwenye bucha. Nikapima chakula asubuhi, nikapima kilichobaki jioni na asubuhi iliyofuata kabla ya kumwaga kingine. Siku tatu mfululizo, ufunguo mfukoni mwangu, mwenyewe mlangoni. Siku ya kwanza kilo 7. Ya pili kilo 6 na gramu 900. Ya tatu kilo 7 na kidogo. Kilo 7 kwa kuku 58 ni gramu 120 kila mmoja. Nikaenda kumuuliza afisa mifugo, akanijibu huku anafunga pikipiki: kuku wa mayai anayetaga ni gramu 110 hadi 120, mama, kila mtu anajua. Mitetea wasioanza kutaga wanakula pungufu, ndiyo maana Juni mfuko ulisogea hadi siku 10.

Kilo 7 kwa siku, kilo 50 ni siku 7. Hakuna aliyeiba hata kikombe.

Kisha nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka kwa hasira. Kuku 60, gramu 120, siku 7: ni kilo 50 na gramu 400. Mfuko mmoja, wiki moja, kuku 60. Ile namba ya ukurasa wa 9 haikuwa ya kubuni! Ilikuwa kweli tupu, ila ya kuku 60. Ninavyoona mimi, mtu fulani alikuwa na mchanganuo mzuri wa kuku 60, akaona kuku 100 wanauzika vizuri zaidi, akafuta 60 akaandika 100, mayai akayapandisha, mstari wa chakula akauacha ulipo. Mimi nikaja nikaushusha kutoka 100 kwenda 60, nikaipunguza namba ambayo tayari ilikuwa yangu. Ningeuacha mstari ule bila kuugusa, ningekuwa sawa, na kijana wa watu angeamka na ufunguo wake.

Hayo ni ya chakula. Mayai nayo yana yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha ilipo.

"Kuku 100, mayai 100 kwa siku." Afisa mifugo alinifafanulia hivi: yai moja linachukua kama saa 25 kutengenezwa tumboni, na sehemu kubwa ya muda huo, saa 20 hivi, ni ganda peke yake. Saa 25, na siku ina 24. Kuku aliyetaga leo saa moja asubuhi, kesho atataga saa mbili, keshokutwa saa tatu, anasogea hivyo mpaka muda wake unaangukia mchana kabisa, hapo anaruka siku, anaanza upya asubuhi. Nimekaa kuwaangalia, ni kweli. Wapo wanaochelewa hadi ninapofunga kazi, kesho yake kiota kitupu. Kwa hiyo hata kuku asiyechoka wala kuumwa, siku 25 zina saa 600, ukigawa kwa 25 atakupa mayai 24. Kuku wa yai moja kila siku ya Mungu, mwaka mzima, hayupo bandani kwangu wala kwa jirani yangu.

Wanaotunzwa vizuri wakifika kilele, wiki ya 25 hadi ya 30 hivi, wanapita mayai 90 kwa kuku 100. Wangu Agosti walifika 53 kwa kuku 58. Hapo ni pazuri. Kutoka hapo wanashuka taratibu kadiri umri unavyosogea, na joto likiingia wanashuka haraka. Morogoro Desemba tunaijua, Uluguru iko juu yetu lakini ubaridi wake unabaki hukohuko. Kuku wanaachama midomo, wanakunywa, hawali. Nilishuka hadi 44. Mchanganuo unasema kitu gani juu ya joto? Ukurasa wa 11, sentensi moja: "Zingatia hewa."

Sasa weka pamoja, kwa bei nilizolipa na kuuza mimi: mfuko shilingi 68,000, trei shilingi 8,000 kwa mama anayenichukulia jumla kupeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nafanya kwa kuku 100 ili ulinganishe na faili.

Hesabu ya ukurasa wa 9: trei 100, shilingi 800,000. Chakula mifuko 4, shilingi 272,000. Kinabaki 528,000. Umeona tena? Mayai yamehesabiwa siku 30, chakula kimehesabiwa wiki 4, ambazo ni siku 28. Kuku hao wanafunga saumu siku mbili kila mwezi huku wanataga.

Hesabu ya mizani: kuku 100 kwa gramu 120 ni kilo 12 kwa siku, kilo 360 kwa mwezi, mifuko 7 na sehemu mbili za kumi, shilingi 489,600. Mayai 90 kwa siku ni trei 90 kwa mwezi, shilingi 720,000. Kinabaki 230,400. Chini ya nusu ya kile kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, na hapo kuku wako kileleni, hujalipa kijana, dawa, maranda, umeme wa taa. (Taa ni lazima: kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hadi 16, na jua letu linatupa 12 hivi. Hilo faili wameliandika, tena vizuri.)

Nikamwambia mtoto, hebu tuwaweke kuku wa fumbo lako bandani. Theluthi mbili za yai kwa siku, kuku 100, siku 30: mayai 2,000, trei 66 na mayai 20. Shilingi 533,000 na kidogo. Toa chakula. Tukabaki na elfu 43 na ushee kwa mwezi mzima wa kuamka alfajiri. Kuku mmoja na nusu wa kwenye mtihani, ukimfuga kweli, anakurudishia chakula chake na nauli ya daladala.

Na hapo nikapata namba ambayo ingekuwa yangu kuandika mchanganuo, ningeiweka ukurasa wa kwanza na hiyo ndiyo ningeipaka nyekundu: 489,600 gawa kwa 8,000 ni trei 61 na mayai 6, karibu mayai 1,836 kwa mwezi. Siku kuku 100 wanapokupa chini ya mayai 62, unawalisha kwa fedha ya cherehani. Bei ya mfuko au trei ikibadilika namba inabadilika, lakini njia ni ileile, mstari mmoja. Mimi Desemba nilikuwa 44 kwa kuku 57 (mmoja alikufa Oktoba), yaani kama 77 kwa 100. Bado salama. Nisingejua kama ni salama bila mstari ule. Ningekuwa nalala na presha.

Kuhusu kundi la WhatsApp, ambalo ni sehemu ya ulichonunua. Maswali ya magonjwa yanajibiwa haraka, na mara nyingine na wafugaji wenzako kuliko msimamizi. Hapo ni elfu tatu ya haki katika elfu kumi. Muda wangu wa mwezi ulikuwa umekwisha siku nyingi, ila nilikuwa sijaondolewa bado, nikatuma hesabu ya mizani nimeandika vizuri, mstari kwa mstari, gramu 71 dhidi ya 120. Watu wawili wakaandika kwamba na wao mfuko hauwafikishi wiki. Msimamizi akajibu kwa sauti, dakika mbili nzima, kwamba ufugaji unahitaji moyo, si kukaa na kikokotoo, na kwamba wanaopoteza chakula waangalie panya na wasaidizi wao.

Wasaidizi wao. Nilisikiliza hapo mara mbili. Jioni nikawa nimetolewa.

Lipo kosa moja jingine la faili, dogo, ila linatoka tumbo moja na hayo. Ukurasa wa 13 wanakupa ndoto ya kupanua: ukiwa na kuku 1,000, zidisha kila kitu kwa kumi. Chakula, sawa, zidisha. Maji, zidisha, lita mbili kwa kila kilo ya chakula, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Lakini bei ya mayai haizidishwi. Mtaa wangu unakula trei zangu mbili kwa siku na kushukuru. Nikija na trei thelathini, mama wa sokoni ataniambia elfu saba, halafu sita na nusu. Na si kila kitu kinagawanyika. Kuku mmoja anaatamia siku 21. Kuku watatu juu ya mayai yaleyale hawataangua kwa siku 7. Mafundi ishirini kwenye gauni moja watakanyagana. Mtoto wangu alinionyesha kwamba kwenye mtihani wanakuambia wenyewe: "ikiwa wanataga kwa kiwango kilekile." Maneno hayo machache yamebeba swali zima. Ukurasa wa 13 hauna.

Ununue au usinunue? Kama hujawahi kufuga kabisa na huna wa kumuuliza, kurasa 8 za kwanza na ratiba ya chanjo zina thamani ya fedha hiyo, tena hazijajaa maneno. Ila kabla ya kununua mtetea hata mmoja, azima mizani, mtafute mfugaji wa mtaani kwako mwenye kuku wanaotaga, mwombe upime naye chakula siku moja na uhesabu mayai ya siku hiyo. Gawa vyote kwa idadi ya kuku wake. Umepata ya mmoja. Ukurasa wa 9 ufungie maandazi. Mimi nyota ningetoa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya kwenye sufuria.

Mtoto alifanya mtihani wake, fumbo la kuku halikutoka, lilitoka la bomba na tangi.

Kijana nilimwita siku ileile nilipomaliza kupima. Nikamrudishia ufunguo, nikamwambia nilikosea, na nikamwonyesha daftari, 12 iliyokatwa na 7 juu yake. Akaisoma. Akauliza, "Kwani mama ulidhani nakula pumba?" Nikacheka, yeye akatabasamu kidogo tu. Nilimwongeza elfu ishirini kwenye mshahara na nikanunua mizani yetu wenyewe, imening'inia kwenye mlango wa stoo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kumwaga chakula, ananiita nitoke nje niione kilo. Nimemwambia mara nyingi hakuna haja. Ananiita. Natoka na kanga yangu, naangalia mshale, nasema nimeona, ndipo anaingia bandani.